Filamu yetu ni ya mwaka 1968: tuvae nini, tupake nini, tupige wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi saba wa mwaka wa pili, tunasomea filamu hapa Dar es Salaam. Kazi yetu ya mwisho wa muhula ni filamu fupi ya dakika kumi na tano inayotokea Dar es Salaam mwezi Oktoba 1968, wakati wa mjadala wa Operesheni Vijana. Mhusika mkuu ni msichana mpiga chapa wa ofisini. Anashuka kwenye basi Kariakoo akiwa na sketi fupi na wigi, vijana wanamzonga na kumchania nguo. Tuna waigizaji sita, wapita njia kama ishirini, na shilingi laki saba za mavazi, vipodozi na mahali pa kupigia. Tumewaza bugaluu, raizoni na afro kwa vijana, vitenge kwa kina mama, na kwenda kupiga Bagamoyo au Mji Mkongwe kwa sababu kule kuna majengo ya zamani. Mwenzetu mmoja anasema tuifanye nyeusi na nyeupe ili makosa yasionekane. Tunaogopa kuchekwa na wazee walioishi wakati ule. Tuanzie wapi?"*

Marahaba, wanangu. Mmechagua kisa ambacho nguo ndiyo kisa chenyewe. Binti anazongwa kwa ajili ya kitambaa alichovaa, na mtazamaji asipokiamini kitambaa hicho hatamwamini binti wala hao wanaomzonga. Kwa hiyo hofu yenu ya wazee ina msingi. Ila naona imewapeleka njia isiyo yake: mnatafuta vitu vyenye sura ya uzamani, wakati mnachohitaji ni vitu vilivyokuwapo Oktoba 1968. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza inaiharibu ya pili.

Chukueni bugaluu na raizoni. Ukimtajia mzee wa Dar es Salaam suruali hizo pana chini na viatu hivyo vya soli nene atatabasamu, kwa sababu yanamrudisha ujanani, lakini yanamrudisha miaka ya sabini. Mwaka 1968 suruali ya kijana mtanashati ilikuwa nyembamba, imebana paja na kuishia juu kidogo ya kiatu. Na hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu pana dhahabu kwa mwandishi wenu wa muswada. Operesheni Vijana, yaani uamuzi wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, uliotangazwa mwezi huo wa Oktoba, uanze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, haukutaja sketi fupi peke yake. Ulitaja pia wigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Maana yake, kijana anayemfokea binti wenu pale Kariakoo huenda naye kavaa kitu kilichomo kwenye orodha hiyohiyo. Mvisheni mmoja wao suruali ya kubana. Msimpe neno la kulisemea jambo hilo. Kamera iipitie suruali mara moja tu, kisha irudi kwa binti.

Jambo la pili linatokana na tarehe hizo. Oktoba amri ilikuwa bado haijaanza kutekelezwa. Waliowazonga wanawake mitaani Kariakoo hawakuwa maofisa wenye sare waliotumwa kukagua. Walikuwa makundi ya vijana, na polisi waliitwa kuwatuliza. Mkiwavisha wazongaji wenu sare za chama mtakuwa mmebadilisha historia bila kujua. Kama kuna mhusika wa Umoja wa Vijana anayehitaji sare, basi msiishone kwa kukisia; tafuteni picha ya mwaka ule. Na tafadhali sana, pasionekane jembe na nyundo vya CCM, wala kijani na njano kwa pamoja. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi, kijani.

Picha mtazipata wapi? Anzieni Maktaba Kuu ya Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, muombe magazeti ya Septemba 1968 hadi Januari 1969: Uhuru, Ngurumo, The Nationalist na Standard. Someni pia barua za wasomaji, maana watu walibishana kwelikweli kuhusu jambo hili, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kwa nini heshima ya taifa ipimwe kwa goti la mwanamke. Baada ya hapo nendeni kwa bibi zenu mkaombe albamu. Zipigeni picha kwa simu hapohapo sebuleni, msiondoke na nakala halisi ya mtu.

Lakini picha nazo zina hila, lazima mzijue. Picha nyingi za familia za wakati ule zilipigwa studio. Mtu aliyekwenda studio alivaa nguo ya kutokea, pengine kaazima viatu, kasimama mbele ya pazia lililochorwa. Mkimvisha kila mpita njia kama watu wa kwenye albamu mtapata mtaa mzima unaokwenda harusini. Picha za magazeti zilizopigwa njiani ndizo zinazoonyesha shati lililofifia kwenye kola, kanga ya kubebea mtoto, viatu vilivyokanyagwa kisigino. Hila ya pili ni rangi. Kwa kuwa picha zenyewe ni nyeusi na nyeupe, vijana wengi huvisha waigizaji kijivu na kahawia, kana kwamba jua la Dar es Salaam lilianza kuwaka juzi. Muulizeni bibi gauni lile la pichani lilikuwa rangi gani. Atawaambia chungwa, au samawati, au kijani kibichi, na sauti yake itabadilika akikumbuka.

Hapo nimjibu na mwenzenu wa nyeusi na nyeupe. Haifichi makosa. Umbo la nguo, mshono, kitambaa kinachong'aa kwa plastiki, vyote hubaki. Inachoondoa ni rangi, na rangi ndiyo inayotenganisha vitu: nyekundu na kijani vyenye mwanga unaolingana huwa kijivu kimoja, na kanga nzuri inageuka doa. Tena inamwambia mtazamaji "haya ni ya kale, hayakuhusu", na filamu yenu inataka kusema kinyume chake. Pigeni kwa rangi.

Sasa nguo zenyewe. Kosa ninaloliona kila mwaka kwenye kazi za wanafunzi ni kumvisha kila mtu mtindo wa mwaka ule ule. Fungua kabati la mama yako leo: kuna gauni la mwaka huu, kuna lile la send-off ya shangazi miaka kumi nyuma, kuna kanga aliyorithi. Kabati la 1968 lilikuwa hivyohivyo. Binti mpiga chapa, mwenye mshahara wake na miaka ishirini, ndiye aliye kwenye mtindo wa mwaka. Mama yake amebaki kwenye gauni la miaka ya hamsini, lenye kiuno na sketi pana iliyovuka goti, na kanga juu yake. Bosi wake pengine ana suti iliyoshonwa kabla ya Uhuru, mabega yamemlegea. Babu ana kanzu na kofia ambazo hazina mwaka. Mtazamaji hatajua hesabu hiyo mmeifanya, lakini ataona familia.

Kuhusu vitenge kwa kina mama wote, punguzeni. Pwani mavazi ya mwanamke wa kawaida mtaani yalikuwa kanga, tena doti: moja kiunoni au chini ya makwapa, moja kichwani na mabegani. Someni jina la kila kanga kabla haijaingia mbele ya kamera, kwani mtazamaji wetu hawezi kuona kanga asisome. Jina linalotaja simu au uchaguzi wa juzi linaua tukio zima. Chagueni methali. Na kama mna mama wa Kiislamu anayepita na vazi jeusi, msimpe abaya ya leo yenye mikono na nakshi za kumetameta. Buibui la wakati ule lilikuwa vazi pana lililofungwa kichwani kwa kamba na kuteremka mpaka miguuni, na kitambaa kingine cha kufunikia uso. Fundi anayejua kulishona bado yupo pwani. Ulizeni wanawake wa makamo, watawaelekeza. Kuna habari njema pia: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1968, kwa hiyo kanga mpya iliyotengenezwa nchini ilikuwa habari ya mjini. Jirani anayejisifia kanga ya Urafiki ni jambo dogo la kweli ambalo mnaweza kuliweka kwenye maongezi.

Sketi ya binti ndiyo ya kutumia muda. Msinunue sketi fupi ya leo. Za leo zimekatwa kwa kitambaa kinachovutika, zinashika nyonga na kubana paja. Mini ya wakati ule ilikatwa kwa kitambaa kisichovutika, ikining'inia kutoka kiunoni au, kama ni gauni, kutoka mabegani, ikipanuka kidogo kuelekea chini kama herufi A. Mwili haukuchorwa; miguu ndiyo ilionekana. Tofauti hii ni kubwa kuliko urefu wenyewe. Ukimvisha binti sketi ya kubana ya mwaka huu, mtazamaji ataleta hukumu za mwaka huu, na huruma yote mliyoijenga inamwagika. Mwambieni fundi cherehani ashone gauni la mikono mifupi, lisilobana kiuno, pindo likae juu ya goti kiasi cha vidole vinne. Mwacheni mwigizaji aketi, apande ngazi na ainame akiwa nalo kabla hamjakubaliana urefu.

Na kitambaa? Nadhani mnaamini kwamba vitambaa vya plastiki ni vya kisasa na pamba ndiyo ya zamani. Kwa binti huyu ni kinyume. Miaka ya sitini nailoni, terilini na tetroni zilikuwa fahari ya mjini: hazikunjamani, zinakauka haraka, hazidai pasi ya mkaa kila asubuhi. Mfanyakazi wa ofisi angezipenda. Kwa hiyo gauni lake linaweza kuwa la tetroni yenye rangi moja iliyokolea, huku mama akiwa kwenye pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Wakisimama pamoja, vitambaa tu vinaeleza kinachowatenganisha.

Kamera za siku hizi zina tabia zake. Nyeupe safi chini ya jua letu la saa sita inaungua. Maelezo yote ya shati yanapotea na uso wa mwigizaji mweusi unazama gizani kwa sababu kamera inajaribu kuiokoa ile nyeupe. Mashati na kanzu za pamba loweka kwenye chai kali ya rangi yenye chumvi kidogo, kisha suuza. Yatabaki meupe kwa jicho lakini kamera itayameza vizuri. Tetroni haishiki chai, kwa hiyo kama shati ni la tetroni nunua la samawati iliyopauka. Mistari myembamba iliyosongamana huchezacheza kwenye picha, iepukeni. Kuchakaza nguo ni kazi ya msasa laini kwenye kola, kwenye mapindo ya mikono na mahali mfuko unapoguswa. Usichakaze kila mahali. Nguo huchakaa pale mwili unapoisugua.

Na hapa nirudie lile nililoanza nalo, maana linagusa kila kitu: gauni la binti lisichakazwe hata kidogo. Kalichukua kwa fundi wiki iliyopita. Oktoba 1968 kwa watu waliokuwamo ilikuwa leo, yenye vitu vipya vinavyonukia duka. Niliwahi kusaidia filamu ya wanafunzi iliyotokea miaka hiyo, wakapaka vumbi na moshi kwenye kila kitu, mpaka redio. Mama mmoja aliyeketi karibu nami siku ya kuionyesha akaniuliza kwa upole, "Kwani hawa walikuwa hawafuti vumbi?" Swali lile sijalisahau.

Nywele na uso. Afro kubwa nayo iahirisheni, mnaweza kuacha moja tu kwa kijana mmoja aliyesoma majarida ya nje. Wanaume wengi wapunguzwe nywele sawasawa kichwa kizima, wengine wawe na njia iliyochanwa upande. Kinachosaliti mara moja ni kunyoa pembeni na kuacha juu. Kiduku hakifichiki hata kwa kofia. Wanawake wasukwe twende kilioni, mabutu au nywele za uzi, na wale wa mjini nywele zilizochomwa kwa kitana cha moto. Rasta ndefu, kucha za kubandika, nyusi zilizochongwa na kujazwa kama zimepigwa rula, meno yenye nyaya, michoro ya mwilini: waandikieni wapita njia wenu ujumbe wiki mbili kabla, kwa maneno ya wazi, kwamba atakayekuja navyo atarudi nyumbani. Ni ukali wa lazima, kwa sababu nyusi hazioti kwa siku moja.

Wigi la binti lisiwe lile la kisasa lenye wavu usioonekana kwenye paji la uso, linaloiga nywele zinavyoota. Tafuteni wigi fupi, la kufikia kwenye taya, lenye nywele zinazoanguka kwenye paji, au lifunikwe mbele kwa kitambaa cha kichwa. Wigi lionekane ni wigi. Kila mtu mtaani alijua ni wigi, na ndiyo sababu liliwekwa kwenye orodha. Wakati wa kuzongwa likivuliwa, chini yake pawe na mabutu yaliyosukwa na mama yake. Hilo ni pendekezo langu tu, lakini nikifikiria filamu yenu ndilo tukio ninaloliona.

Vipodozi viwe vichache kuliko mnavyotaka. Wanja juu ya kope wenye kamkia kadogo, poda, rangi ya mdomo hafifu. Dar es Salaam ina joto, na fondesheni nene ikichanganyika na jasho inaganda kwenye mikunjo ya pua, kamera ikaona kabla yenu. Kausheni jasho kwa karatasi laini, msiongeze poda kila dakika.

Kama mna mhusika anayechubua ngozi, sikilizeni vizuri: mwigizaji asipakwe krimu yoyote ya kuchubua, hata kwa siku mbili, hata akisema anaitumia nyumbani. Krimu za aina hiyo zina historia mbaya ya zebaki na haidrokwinoni, na kazi ya darasa haiwezi kulipa ngozi wala figo za mtu. Mwonekano huo unatengenezwa kwa fondesheni iliyo nyeupe ngazi moja kuliko ngozi yake, usoni na mwanzoni mwa shingo, huku masikio na vifundo vya vidole vikiachwa rangi yao. Vifundo ndivyo humsema anayejichubua, kila mwanamke anajua. Vipodozi vyote vijaribiwe kwenye mkono wa mwigizaji siku moja kabla. Pakiwasha, pakivimba au pakifanya malengelenge, safisheni kwa maji na mpelekeni kituo cha afya, msitafute dawa ya kupaka ya dukani.

Sasa mahali. Bagamoyo na Mji Mkongwe ni miji mizuri, na yote miwili ni makosa kwa kisa hiki. Mawe yale, milango ile ya nakshi, yanazungumza karne ya kumi na tisa. Kariakoo ya 1968 ilikuwa nyumba za Kiswahili za chini zenye baraza mbele, paa za bati, mitaa iliyonyooka, maduka ya Wahindi ya ghorofa moja au mbili na nguzo za umeme. Zanzibar tena ina taratibu zake za vibali, tofauti na za bara, pamoja na nauli ya boti kwa watu wote hao.

Kariakoo yenyewe je? Leo ni maghorofa, na hata soko lenyewe linawasaliti. Lile jengo maarufu lenye paa za zege kama miavuli, alilolisanifu Beda Amuli, lilijengwa miaka ya sabini. Halikuwapo binti wenu aliposhuka kwenye basi. Mkilionyesha, mzee yeyote wa mtaa jirani wa Gerezani atainuka kwenye kiti.

Kwa sura, mahali ninapopapenda ni Ngamiani, Tanga: barabara zenye namba, nyumba za Kiswahili kwenye mitaa iliyonyooka, na pilikapilika ndogo kuliko Dar. Lakini piga hesabu ya nauli, chakula na malazi ya watu zaidi ya kumi. Laki saba zitaishia stendi. Kwa hiyo, kwa fedha yenu, bakini Dar. Tembeeni Ilala, Magomeni na Temeke asubuhi, bila kamera, mtafute nyumba moja ya Kiswahili ambayo baraza na mlango wake havijaguswa, na mita kumi za mtaa mbele yake. Mita kumi zinatosha. Kamera ikikaa karibu na watu, wapita njia ishirini wanakuwa umati, na ghorofa lililo nyuma halina nafasi. Mkisimama mbali kuonyesha mtaa mzima, mtatumia siku nzima kupigana na madishi, viyoyozi, madirisha ya alumini, pavingi, matangi ya plastiki na kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu.

Basi la abiria la wakati ule msilitafute. Pigeni mguu wa binti ukikanyaga ngazi ya chuma, viatu vyake vya kisigino kifupi vikigusa vumbi, injini ikinguruma kwenye sauti na kivuli kikiondoka. Mtazamaji atalijenga basi mwenyewe, na atalijenga vizuri kuliko mtakavyolikodi. Kondakta asiseme "daladala", neno hilo na magari yake ni ya miaka ya themanini.

Ofisi itawapendeza zaidi kuliko mtaa. Taasisi nyingi za umma na shule zina vyumba vya miaka ya sitini ambavyo hakuna aliyevigusa: sakafu ya terazo, madirisha ya vioo vya luva, pangaboi darini. Mitaa ya Kisutu bado ina majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi ambayo mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye kipaji cha jengo, kwa hiyo jengo lenyewe linawaambia kama linafaa. Majengo ya Mlimani yalianza kutumika mwaka 1964. Ila kumbukeni: mwaka 1968 yalikuwa mapya. Kuta zioshwe, luva zing'ae, taipureta ya ofisini isiwe na kutu.

Vitu vya ndani navipitia haraka. Nyumba ya bara mwaka 1968 haina televisheni kwa sababu matangazo ya televisheni Tanzania Bara yalianza mwaka 1994. Pana redio, na ndani yake Radio Tanzania. Hapana Daily News, gazeti hilo ni la 1972. Fedha ni shilingi ya Tanzania iliyoanza 1966, na sarafu ya shilingi moja ina mwenge. Maji yamo kwenye ndoo ya bati, debe au mtungi, kamwe si dumu la njano. Na kiti cheupe cha plastiki kitafuteni kabla hakijawatafuta, maana kila eneo la kupigia picha nchi hii lina kimoja kimejificha pembeni.

Fedha ningezigawa hivi: laki tatu zote kwa binti, yaani gauni, wigi na viatu, kwa sababu nitakayowaambia sasa hivi. Laki moja kwa waigizaji watano waliobaki, wakichaguliwa nguo za mitumba Karume au Tandika na kupelekwa kwa fundi kupunguzwa. Elfu sitini kwa kanga na mashati ya wapita njia, mengi mtaazima. Elfu sitini vipodozi. Laki moja kwa mwenye nyumba na chai ya mtaa, elfu themanini msiziguse mpaka kitu kiharibike.

Gauni la binti lishonwe mara tatu, kitambaa kimoja, fundi mmoja. Moja la matukio ya kabla. Mawili ya kuchanwa, yaliyolegezwa mshono na kushikizwa kwa velkro mahali mlipokubaliana. Chini avae kaptula nyeusi na fulana ya rangi ya ngozi yake, ili kisionekane ambacho hakukubali kionekane. Amueni kabla ni nani anamshika wapi, kwa mkono upi, mfanye mazoezi polepole mpaka ichoshe, na awe na neno moja la kusimamisha kila kitu ambalo si sehemu ya muswada. Pawepo mwanamke kwenye kikosi ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu: kumfunika kanga kila kamera inaposimama, na kumuuliza kama yuko sawa.

Jambo hili msilifanye wenyewe. Mwombeni mkufunzi wenu wa uigizaji awepo mwenyewe siku hiyo, si kwenye simu. Nendeni Bodi ya Filamu na barua ya chuo kuuliza kibali cha kazi ya wanafunzi, kisha serikali ya mtaa, kisha kituo cha polisi cha jirani, muwaambie saa na mahali. Umati unaomzonga msichana barabarani unaweza kuaminika kupita mlivyotaka: mpita njia halisi akaingia kumwokoa kwa rungu, au, jambo baya zaidi, akaingia kusaidia kuzonga. Fungeni mtaa kwa kamba na watu, bandikeni tangazo, na mwenyekiti wa mtaa aketi pale mtakapopiga.

Na kabla ya siku hiyo, mtafuteni mwanamke mmoja aliyekuwa msichana wa Dar es Salaam mwaka 1968. Mpelekeeni gauni lile kabla halijachanwa. Mwacheni alishike, ageuze mshono, aseme pindo lipande au lishuke. Kama atataka kuwaeleza kilichompata yeye au rafiki yake, zimeni kinasa sauti mpaka atakaposema muwashe.